Wazo, hisia na tendo: jinsi ya kukata mzunguko unaokumaliza kichwani, hatua kwa hatua (mwongozo kamili)

Hiki kitu nataka niandike taratibu maana watu wengi wanateseka kimya kimya, ukimuuliza mtu shida nini anakwambia "nina mawazo tu", basi imeishia hapo. Hiyo "nina mawazo" yetu inabeba vitu vingi mno, inabeba huzuni, hofu, kukosa usingizi, hasira, kutokula, deni, ndoa, vyote vimetiwa gunia moja na gunia limefungwa, huwezi kujua utoe kipi kwanza.

Mimi si daktari. Ni wakala wa miamala ya simu, nina kibanda Mbagala, na haya nimeyajua kwa sababu yalinikuta, nikafundishwa, nikayafanya kwa daftari na kalamu, afu baadae nikasoma zaidi nijue kwa nini yalinisaidia.

Ilikuwa jioni, watu wamejaa dirishani, akaja jamaa anataka nimwekee laki 8, akanitajia namba, mimi na haraka zangu nikatuma kabla sijashika hela, akasema bahasha iko kwenye bodaboda hapo nje, akatoka, bodaboda ikawashwa wakaondoka. Laki 5 zilikuwa floti yangu yote, yani mtaji wa kuendeshea miamala, laki 3 za dada yangu. Sawa, nimeibiwa, watu wanaibiwa kila siku. Ila kilichonimaliza sio ile jioni, ni miezi minne iliyofuata. Usiku moyo unanidunda, nawaza mimi ni mjinga, mtaa mzima unanicheka. Asubuhi naamka nimechoka kama nimebeba zege, nafungua kibanda saa 4 badala ya saa 1, mteja akija na hela nyingi namwambia mtandao unasumbua ili aondoke tu, simu ya dada siipokei. Wateja wakahamia kwa wakala wa kule kona. Na mimi nikiwaona wanapita najisemea unaona, wameshajua kwamba sifai. Kumbe wanapita kwa sababu kibanda kimefungwa! Hilo lilinichukua muda mrefu sana kuliona.

Nilienda kituo cha afya kupima presha, nikijua ni moyo. Nikamkuta nesi wa makamo, nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, akapima, akasema presha yako nzuri tu, je unalala? Nikaanza kulia palepale. Akachukua karatasi akaandika maneno matatu kwa mduara, WAZO, HISIA, TENDO, akachora mishale ya kwenda na kurudi kati yao, pembeni akaandika MWILI. Akasema mwanangu haya yanalishana, ukiacha yazunguke yenyewe yatakula hadi mtaji uliobaki, lakini ukishika moja ukalivuta, mengine yanafuata. Mwongozo huu ni ile karatasi, nimeirefusha tu.

Kwanza elewa yanalishanaje

Jirani kapita hajakusalimia. Tukio ni hilohilo moja. Ukiwaza "ananidharau", hasira inapanda, kifua kinabana, kesho na wewe unampita kimya, keshokutwa mmenuniana kweli. Ukiwaza "leo ana lake kichwani", unamwita "jirani, habari za nyumbani?" na anasimama. Hisia haikutoka kwa jirani moja kwa moja, ilipitia kwenye tafsiri uliyompa.

Watu wengi huwa wanaishia hapo, wanakwambia badilisha mawazo yako utapona. Si kweli hivo, maana mishale inaenda kila upande. Ukiwa na huzuni kumbukumbu mbaya zinajileta zenyewe, zile nzuri huzioni hata ukizitafuta. Ukiwa hujalala au hujala, kila kitu kinaonekana kigumu zaidi ya kilivyo, hapo mwili ndo unalisha wazo. Na ukijifungia ndani siku tatu, hata kama ulijifungia bila sababu kubwa, siku ya nne utakuwa na huzuni na utaanza kuitafutia sababu. Tendo limezaa hisia, hisia imezaa wazo.

Na mtu asikwambie haya ni mambo ya kizungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni wa Balkh ambayo leo iko Afghanistan, aliyefariki mwaka 934, aliandika kwa Kiarabu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita kwamba mwili na nafsi vinaambukizana, akachambua hasira, hofu, huzuni na wasiwasi kila kimoja na dawa yake, mpaka akatenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana imetoka wapi. Neno letu wasiwasi limetoka kwenye Kiarabu hichohicho. Baadae huko Marekani, miaka ya 1960, daktari Aaron Beck wa Philadelphia alikuwa anatibu watu wenye sonona, yani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, akagundua kwamba kati ya tukio na machozi kuna mawazo ya haraka haraka yanapita ambayo mgonjwa mwenyewe hayaoni, akajenga tiba ya mazungumzo juu ya hayo. Beck alifariki 2021 akiwa na miaka 100, na tiba ile leo inatumika karibu dunia nzima.

Kabla hujaanza, soma hapa

Daftari haliwezi kila kitu na ningekuwa nakudanganya nikisema linaweza. Kama unawaza kujiua au kujidhuru, usianze na hatua ya 1, mwambie mtu mmoja LEO, kwa maneno yenyewe bila kuzunguka, akae na wewe, vitu vya kujidhuria vitolewe karibu, na muende hospitali iliyo karibu hata kama ni usiku. Kenya kuna namba 1199 ya Msalaba Mwekundu, na kwa watoto 116 inafanya kazi Tanzania na Kenya. Vilevile nenda kama unasikia sauti wenzako hawazisikii, kama kuna siku hulali kabisa na bado una nguvu za ajabu na unagawa hela, kama umejifungua na humpendi mtoto au unaogopa kumdhuru, au kama huzuni na kukosa hamu ya vitu vyote imekaa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, kazi na chakula vimekushinda. Hospitali nyingi za wilaya na mikoa ukiuliza kitengo cha afya ya akili utaelekezwa, na zipo kubwa kama Mirembe ya Dodoma, Muhimbili, Kidongo Chekundu kule Zanzibar, Mathari ya Nairobi. Kwenda Mirembe sio kuwa kichaa, naomba hiyo kauli tuiache.

Pia mwambie daktari akupime damu na tezi la shingo, maana upungufu wa damu na tezi vinaweza kuleta uchovu na huzuni au moyo kwenda mbio, ukabaki unapambana na mawazo kumbe ni kitu cha kidonge.

Na kama unapigwa nyumbani, shida sio wazo lako. Usikae kuchunguza mawazo huku unapigwa, tafuta usalama kwanza, dawati la jinsia la polisi, ustawi wa jamii, ndugu unayemwamini.

Hatua ya 1: Daftari, wiki nzima, bila kubadilisha chochote

Nunua daftari la kawaida, au tumia simu ila daftari ni zuri zaidi kwa sababu halina meseji. Kila hali ikibadilika ghafla ndani yako, yani ulikuwa sawa afu ukashuka au ukashtuka, andika vitu sita: tukio, wazo, hisia na ukali wake kuanzia 0 mpaka 10, mwili, ulichofanya, kilichofuata. Ukurasa wangu mmoja huu hapa kama ulivyo:

Jumanne saa 3 asubuhi. Tukio: mama wa genge kapita hajanisalimia. Wazo: ananiona mjinga, anajua nimeibiwa. Hisia: aibu 8. Mwili: uso wa moto, tumbo linasokota. Nilichofanya: nikageukia ndani nikajifanya nashika simu. Kilichofuata: hakuja kununua vocha kama kawaida yake.

Ugumu upo kwenye kutenganisha wazo na hisia, na Kiswahili chetu kinatuponza kidogo kwa sababu tunasema "nahisi" kwa vyote viwili. "Nahisi watu wananisema" sio hisia, ni wazo. "Nahisi sitafanikiwa" ni wazo, tena utabiri. Hisia mara nyingi ni neno moja tu: hofu, aibu, huzuni, hasira, wivu, hatia, upweke, chuki, furaha. Ukiona unahitaji sentensi nzima, hilo ni wazo, liandike kwenye nafasi yake afu jiulize, nikiwaza hivi moyoni inakuwaje? Jibu litakuja neno moja.

Kitu kingine, usiandike wazo la heshima, andika lile lenyewe. Mimi siku za kwanza nilikuwa naandika "nina wasiwasi na biashara" wakati kichwani linalopita ni "nitarudi kijijini mikono mitupu na mama atanionea aibu". Lile la pili ndo linalouma. Ukiandika la juu juu utakuja kulijibu la juu juu na halitapoa.

Wiki nzima usijirekebishe, angalia tu. Najua inachosha, na siku ya pili utasema hainisaidii chochote, endelea hivohivo.

Hatua ya 2: Tafuta unachokwepa

Jioni ya siku ya saba kaa na daftari, soma safu ya "nilichofanya" peke yake kutoka juu mpaka chini. Mimi niliposoma nilinyamaza kabisa. Nimegeuka. Nimedanganya mtandao unasumbua. Sijapokea simu. Nimelala tena. Nimefunga mapema. Kila tendo lilikuwa la kukimbia.

Kukwepa kuna utamu wake, na lazima tuliseme hili wazi. Ukikwepa unapata nafuu palepale, hofu ilikuwa 8 inashuka 2 ndani ya dakika. Kwa hiyo akili inajifunza kumbe kukimbia ndo kumeniokoa, kesho inakukimbiza mapema zaidi. Na kwa sababu ulikimbia, hukupata nafasi ya kuona kwamba pengine kusingetokea kitu. Ni kama ile mikopo ya kausha damu, hela unapewa chapu bila maswali, shida yako ya leo imeisha, ila kila wiki unarudisha zaidi ya ulichochukua mpaka unauza godoro. Mimi nililipa riba ya wateja, ya dada yangu, ya usingizi.

Kukwepa kuna sura nyingi, sio kujifungia tu. Pombe ili nisifikirie. Kuzungusha kidole kwenye simu mpaka saa 8 usiku. Kufanya kazi kupita kiasi ili usikae na huzuni ya msiba. Kuuliza mtu yuleyule mara kumi "una uhakika hujanikasirikia?". Kukagua mlango mara tano. Kila linalokupa nafuu ya dakika kumi na kukudai wiki nzima liwekee alama ya nyota kwenye daftari. Chagua MOJA tu la kuanza nalo.

Hatua ya 3: Anza na tendo, hamu itakuja nyuma

Hapa nina msimamo na nitausema. Ukiwa chini kweli kweli, usianze kubishana na mawazo. Kichwa kilichochoka kinashinda kila mabishano kwa sababu ndo kinatunga hoja za pande zote mbili. Anza na mikono na miguu. Tumezoea kusubiri hamu ije ndo tufanye, lakini huzuni ikikaa sana kinachoharibika kwanza ni hamu yenyewe, kwa hiyo ukiisubiri utasubiri mpaka mwaka uishe. Geuza, fanya kwanza, hamu itakufuata nyuma, mara nyingi siku ya nne au ya tano, sio siku ya kwanza.

Jioni andika kesho utafanya nini, saa ngapi, wapi. Liwe dogo kiasi kwamba hata ungekuwa na mafua ungeweza. Langu la kwanza lilikuwa hili: saa 1 kamili asubuhi nafungua kibanda, nafagia mbele, nakaa nusu saa. Sio kuhudumia, kufagia tu. Mtu mwingine itakuwa kuoga na kukaa barazani dakika kumi na mtoto. Mwingine kutembea mpaka kituo cha daladala na kurudi. Mwingine kwenda mazoezi ya kwaya akae nyuma bila kuimba, au kuswali msikitini badala ya chumbani.

Ukishafanya andika namba mbili, raha ngapi kati ya 10 na "nimeweza" ngapi kati ya 10. Zitenganishe kwa sababu mwanzoni raha itakuwa 0 au 1 na ukiangalia hiyo tu utaacha. Kufagia kwangu raha ilikuwa 1, nimeweza ilikuwa 6. Ile 6 ndo ilinirudisha kesho yake.

Ongeza kidogo kidogo, na ndani ya wiki changanya: kitu cha mwili, kitu cha watu, kitu cha wajibu, kitu ulichokuwa unakipenda zamani. Wengi wetu tukianza kupata nafuu tunajaza wajibu tupu, kufua, kulipa, kupeleka, afu tunashangaa bado tuna huzuni. Kitu cha kupenda nacho kina nafasi yake. Mimi nilirudi kusuka ukili, nilikuwa nimeacha tangu nimalize shule.

Siku ukishindwa, usiongeze kesho ili ufidie. Punguza nusu, rudi kwenye daftari.

Hatua ya 4: Mwili

Hapa sitakaa sana, ila usiruke. Moyo kudunda, jasho, kifua kubana, mikono kufa ganzi, hiyo ni mashine ya hofu inafanya kazi yake, mwili umemwaga kemikali inaitwa adrenalini ili ukimbie simba na simba hayupo. Kama daktari ameshakupima moyo uko sawa, jua kwamba shambulio la hofu kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi afu linaanza kushuka lenyewe. Linalolirefusha ni wazo la "nakufa", mwili unatisha wazo, wazo linatisha mwili. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu 4, itoe taratibu ukihesabu 6, tumbo ndo lipande sio mabega, dakika tatu hadi tano. Jizoeze ukiwa umetulia, usisubiri siku ya moto.

Usingizi: amka saa ileile kila siku hata kama ulilala vibaya, toka nje upate mwanga, chai ya rangi na kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie mchana, simu ilale mbali na kitanda. Ukikaa kama dakika 20 macho makavu, inuka ukakae kwenye kiti mpaka usingizi uje, kitanda kisijifunze kuwa mahali pa kuwazia. Najua kwa wenye chumba kimoja hii ni ngumu, hata kuketi chini kwenye mkeka kunatosha.

Hatua ya 5: Sasa lipeleke wazo mahakamani

Ukishakuwa na wiki mbili tatu za matendo, kichwa kimepata nguvu kidogo, rudi kwenye mawazo. Chukua moja tu, lile linalojirudia sana. Langu lilikuwa "mtaa mzima unanicheka". Piga mstari katikati ya ukurasa.

Upande wa kushoto, ushahidi kwamba ni kweli, ushahidi ambao hata hakimu angeupokea, sio "naona tu". Niliandika: vijana wawili wa bodaboda walinitania siku ya pili yake. Basi. Nilikaa robo saa kutafuta mwingine, sikuupata.

Upande wa kulia, ushahidi unaokataa. Mzee wa duka la vifaa alikuja kunipa pole. Wakala mwenzangu wa kona aliniambia na yeye aliliwa laki 3. Wateja watatu waliniuliza mbona siku hizi unafungua kwa kuchelewa. Hakuna aliyenicheka kati ya hao.

Afu niliandika sentensi mpya: "Nimeibiwa, wawili walinitania, wengine wana shida zao, nilikosea hatua moja ya kazi na nimeshaibadilisha." Nikapima tena aibu, ikatoka 8 ikawa 5. Haikwenda 0 na haitakiwi kwenda 0. Mtu aliyeibiwa laki 8 ana haki ya kuumia.

Angalia, hii sio kujipa moyo. Kabla ya hapo nilikuwa najiambia kwenye kioo mimi ni mshindi, mimi ni jasiri, na haikunisaidia hata siku moja kwa sababu moyo wangu ulikuwa haukubali. Sentensi mpya haitakiwi kuwa tamu, inatakiwa iwe ya kweli. Ukiisoma na ndani yako kitu kikasema "mh, hapana", irekebishe mpaka uiamini angalau nusu.

Ukikwama, jiulize angekuwa mdogo wangu ndo kaibiwa, ningemwambiaje? Ningemwambia we mjinga rudi kijijini? Hapana, ningempikia chai.

Utaanza kuona mawazo yako yana mtindo. Kuna kusoma mioyo ya watu, unajua wanachowaza wakati hawajasema. Kuna kutabiri. Kuna kujibandika jina, umekosea mara moja unajiita mjinga maisha yote. Kuna yote au hakuna, kama sio wa kwanza basi mimi bure. Na kuna kupima kwa moyo, naogopa kwa hiyo kuna hatari, naona aibu kwa hiyo nimefanya aibu. Mimi ugonjwa wangu ni kusoma mioyo na kujibandika jina, nikijua hivo huwa nalikamata njiani.

Mengine huwezi kuyamaliza kwa karatasi, lazima ukayapime. Nilikuwa na hakika mama wa genge ananidharau. Nesi akaniambia nenda kamsalimie wewe siku tatu mfululizo, andika kabla unategemea nini na baada kimetokea nini. Nilitegemea ataitikia kwa kukunja uso. Siku ya kwanza aliitikia kawaida, siku ya pili akasimama akaniuliza, "hivi dada nilikukosea nini, mbona ulikuwa unanigeuzia mgongo?" Kumbe miezi yote hiyo mimi nawaza ananidharau, na yeye anawaza namdharau. Tendo langu la kugeuka ndo lilitengeneza kile nilichokuwa nakiogopa.

Kwa wale ambao mawazo yanazunguka usiku kucha bila kufika popote, jipe saa ya kuwaza. Kila siku saa 11 jioni, dakika 20, sehemu ileile, waza kwa kuandika. Likija wazo saa 5 usiku liambie tutakutana kesho saa 11, andika neno moja tu kwenye karatasi, rudi kulala. Wiki ya kwanza halitakubali.

Hatua ya 6: Panda ngazi ya hofu

Kwa kile ulichokiwekea nyota hatua ya 2. Tengeneza vidaraja kuanzia hofu ndogo mpaka kubwa. Changu kilikuwa hela nyingi: nikaanza kumwekea mteja ninayemfahamu elfu 10, hofu 3. Afu elfu 50. Afu laki 1 kwa mgeni, hofu 6. Afu laki 3. Mwisho laki 5 kwa mgeni, jioni, foleni imejaa, hofu 9. Kaa kwenye daraja moja, rudia mpaka hofu ishuke angalau nusu, ndo upande. Kuna daraja nilikaa siku kumi na moja.

Hapa kuna jambo linachanganya watu, tofauti ya tahadhari na kukwepa kulikojificha. Hela kwanza mkononi, nahesabu, nasoma jina na namba kwa sauti, mteja anakubali, ndo natuma: hiyo ni tahadhari, kila wakala anatakiwa aifanye na sitaiacha. Lakini kuhesabu mara tano, kupiga picha sura ya kila mteja, kumwita kaka wa saluni asimame pembeni kila nikituma laki, hayo yalikuwa magongo. Ukibaki na magongo, akili inasema umepona kwa sababu ya magongo. Nilipunguza kuhesabu kutoka tano kwenda mbili. Mbili ndo kazi yenyewe.

Hatua ya 7: Shida ya kweli itatuliwe kama shida

Baada ya yote hayo deni la dada lilikuwa palepale. Deni sio wazo. Na hapa ndo naona mafunzo mengi ya mtandaoni yanawaonea maskini, yanawaambia watulize akili wakati kodi ya nyumba imeisha.

Zimbabwe wamelifanyia kazi hili vizuri. Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa eneo la Mbare, Harare, akawafundisha kukaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki na kuzungumza. Kule kwa Kishona wanaita kufungisisa, yani kuwaza kupita kiasi, ni "mawazo" yetu haya haya. Mtu anataja shida zake zote, wanachagua moja, wanaitafutia hatua ndogo ya wiki hiyo. Matokeo ya utafiti wao yalitoka 2016, baada ya miezi 6 waliokaa na bibi ni kama 14 tu kwa 100 waliobaki na dalili za sonona, waliopata huduma ya kawaida walikuwa kama 50. Mpango huo umefika hadi Zanzibar.

Nikafanya vilevile. Andika shida zote, zungushia moja unayoweza kuigusa wiki hii, andika njia zote hata za kijinga, chagua moja, fanya, angalia. Nilizungushia "simu ya dada". Nikampigia, sauti inatetemeka, nikamwambia dada laki 3 zako siwezi kutoa kwa mkupuo, naomba nikupe elfu 15 kila Jumamosi. Akanyamaza, afu akasema, "mi sikuwa nataka hela mdogo wangu, nilikuwa nataka upokee simu." Nimelipa wiki 20, zimeisha.

Ukirudi nyuma

Utarudi, hiyo ijue mapema isije ikakutisha. Msiba, ugonjwa, mvua ya wiki nzima, kipindi cha hedhi, mwezi wa Januari wa ada. Al-Balkhi alishauri kwamba kama watu wanavyoweka dawa nyumbani kabla hawajaumwa, basi mtu aweke akiba ya fikra nzuri siku akiwa ametulia, azitumie siku nafsi ikichafuka. Mimi nimeandika kwenye simu meseji ya kujitumia mwenyewe, ina vitu vinne: dalili zangu za mwanzo (kufungua kwa kuchelewa siku mbili mfululizo, kutopokea simu za dada), tendo dogo la kwanza (kufagia saa 1), sentensi yangu ya kweli, na majina mawili ya watu wa kuwaambia. Mmoja wao ni mama wa genge.

Yako iandike leo ukiwa na nguvu, na umwonyeshe mmoja wa hao wawili, maana siku ukiwa chini hutakumbuka kuifungua, yeye ndo atakuuliza kwa nini leo hujafagia.